Mgeni Aliyenianulia Dagaa

Katonga, Kigoma

Dada yangu mpenzi Mariamu,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama huko Singida, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mgongo wa mama umempa nafasi ya kupumzika. Mimi ni mzima, ila nimepungukiwa jino moja la mbele, na ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungeanza kunigombeza kabla sijafika katikati.

Kazi yangu unaijua. Nanunua dagaa wabichi mitumbwi inapoingia, nawaanika mchangani, wakikauka nawaanua. Sasa mwezi huu wezi wametutesa. Wanachota dagaa wa watu mchana kweupe, mpaka wavuvi wakaapa kwamba atakayekamatwa hatafika polisi.

Wiki iliyopita nilikwenda soko la Mwanga kununua viroba. Narudi, wingu jeusi limetanda ziwani, na pale nilipoanika dagaa wangu pana duara la watu. Nikasikia mti unavyopiga nyama, dada. Nikapenya. Chini alikuwa mwanamume mtu mzima nisiyemjua, kajikunja, anaomba kwa Kiha, damu inamtoka masikioni. Mikono aliyojikinga nayo kichwani ilikuwa imevunjika. Rama, fundi wa injini za mitumbwi, jirani yangu mpole kabisa, alikuwa anamshindilia kasia. Mwenzake alishaleta dumu la petroli, mwingine kashika kiberiti.

"Tumekushikia mwizi wako," Rama akaniambia huku anahema, kama mtu aliyenifanyia hisani.

Nikaangalia dagaa. Nusu yao walikuwa wamerundikwa mlangoni pa banda langu, wamefunikwa turubai langu mwenyewe, na turubai limebanwa kwa mawe pembe zote.

"Mwizi gani anafunika mali isilowe?" nikawauliza. "Huyu alikuwa ananianulia."

Hakuna aliyesikia. Dumu lilikuwa limeshafunguliwa. Nikamrukia Rama mgongoni nikamng'ata sikio. Usicheke, meno yangu unayajua. Akanitupa, kiwiko kikanipata mdomoni, jino likaenda. Nikainuka nikalikumbatia lile dumu, petroli ikanimwagikia kifuani, na yule mwenye kiberiti akawa bado anakitikisa.

Hapo ndipo alipokuja Mama Hidaya, yule mama wa Ujiji aliyenipa chumba nilipofika huku sijui mtu. Hakuuliza kitu. Alijitupa juu ya yule mgeni na unene wake wote tunaoutania kila siku, akamfunika asionekane.

"Haya, washeni," akasema. "Rama, nani alikulea mama yako alipokuwa anaumwa? Washa basi, mwanangu."

Wanawake wa dagaa wakaja na mafagio, na ndoo, na sufuria za moto. Walipiga, dada. Nilimwona bibi mmoja anamchapa mjukuu wake kwa mwiko mpaka mwiko ukakatika. Jiwe lilimpasua Mama Hidaya paji la uso na hakusogea. Tulishikana mikono tukamzunguka mgeni, wengine hata majina yao siyajui, na mimi natema damu na kunuka petroli, nikafurahi. Sina neno jingine. Sijawahi kufurahi vile tangu nitoke nyumbani. Wanaume wakajikuta kila wa kumpiga ni mama yake au mkewe, na makasia yakashuka. Mvua ikanyesha, dagaa wote waliobaki mchangani wakaoza, na hakuna aliyewaangalia.

Tukambeba kwa turubai mpaka kwenye bajaji, tukampeleka hospitali. Anaitwa Yohana, mkulima wa Simbo, alikuwa amefuata kitoweo tu. Alipoweza kusema alituambia kwamba kwao wingu likija na muhogo wa jirani uko nje, anayepita anauanua. Mwenyewe akiwepo au asiwepo. Kupita ukauacha ulowe ndiyo aibu.

Tunapeana zamu ya kumlisha, maana mikono yote miwili iko kwenye plasta. Jana ilikuwa zamu yangu, nikamkuta Rama ameshakaa pale na bakuli la uji, sikio lake limefungwa bandeji. Alikuwa anamlisha taratibu, anapuliza kila kijiko. Yohana akamuuliza, "Wewe ni nani, ndugu yangu?"

Rama akarudisha kijiko bakulini. Kisha akasema, "Ni mimi niliyekupiga kwa kasia."

Yohana akamtazama. Akatazama bakuli. Halafu akafungua mdomo apewe kijiko kingine.

Mimi nilitoka nje nikalia kwa hasira, kwa sababu mimi bado sijamsamehe Rama, na sijui kama nitaweza.

Nisalimie mama, usimwambie habari ya jino. Msalimie shemeji, na baba mdogo, na shangazi anayeuza vitunguu stendi. Watoto wabusu mmoja mmoja. Mama Hidaya anakusalimu. Mshono wa paji la uso unamwasha lakini amekataa kupumzika. Sasa hivi ananiita, nimpelekee Yohana uji, na amesema nimchukulie na Rama wake, kwa kuwa tangu jana hajatoka pale wodini.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura