Kuku wa Mama Émérance

Bukavu, tarehe 3 Machi 2024

Mama mukwe,

Salamu nyingi. Magoti yako inaendelea namna gani? Sisi tuko wazima, Mungu anatuchunga. Ninaandika juu najua huko Lusangi simu haishiki.

Estelle, hapa hospitali, walimutoa jicho la kushoto. Usilie, mama. Alipoamuka aliomba ndizi. Ule weupe tuliouona ndani ya jicho, kama la paka, ilikuwa kansa. Munganga anasema yote imetoka.

Lakini aliuliza: mu jamaa, nani mwingine alipoteza jicho akiwa mutoto? Nikasema: Pitchou, baba yake, ila yeye alidonolewa na kuku. Munganga akaniangalia: «Huyo kuku, wewe ulimuona?»

Mama, wewe ulimuona?

Alinifasiria hivi, alipojua Pitchou ni motari, anabeba watu na pikipiki. Kila seli ya mwili iko na breki mbili, kama pikipiki. Kazi yao ni kutoa protini ya kuizuia seli isijizae ovyo. Moja ikikatika, ya pili inashika. Zote zikikatika, seli inateremuka mulima, inajizaa, inajizaa, ndiyo kansa. Kuna mutoto anazaliwa breki moja imekufa tayari, ameirithi kwa muzazi. Kama Pitchou ndiye, basi Darlène wangu anayenyonya hapa, nusu kwa nusu, anaweza kuwa nayo. Macho yake lazima ichunguzwe kila mwezi, akilazwa usingizi na dawa.

Pitchou, kwa simu toka nyumbani Kasongo, anakataa. «Mutoto haumwi, unamulaza ya nini?» Atakuja kutuchukua mwisho wa mwezi. Wewe tu atakusikia.

Mutoto wako,
Mama Estelle


Lusangi, tarehe 9 Machi

Binti yangu Naomie,

Nimefurahi Estelle anakula. Magoti ni ya uzee, tuache.

Kuku alikuwa mwekundu, mwenye shingo tupu. Tangu lini munganga anauliza habari za kuku? Mwambie atibu watu.

Mama yako Émérance


Bukavu, tarehe 13 Machi

Mama,

Nimepata barua, asante. Natumaini umelala vizuri, mimi hapana.

Siku ya mahari wajomba wangu waliuliza kama jamaa yenu iko na ugonjwa. Uliapa hakuna. Sikutafutii kosa: mimi Pitchou ningemutaka hata bila jicho moja. Lakini tangu Estelle azaliwe ninafukuza kuku mu kiwanja na fimbo, juu ya hadithi yako. Mama, nilikuwa ninalinda mulango, kumbe kitu kiko ndani.

Darlène amejua kucheka. Anacheka na macho yote mbili.

Mutoto wako,
Mama Estelle


Kasongo, tarehe 24 Machi

Naomie, mama yangu,

Amani kwako na kwa watoto. Unaona nimeandikia Kasongo. Nimepanda pikipiki na magoti haya, motari, kijana wa kuniita nyanya, akiniambia «Koko, shika nguvu!» kama mimi ni muzigo wa mihogo.

Nimemwambia Pitchou uso kwa uso. Hapakuwa kuku. Jicho lake liliwaka nyeupe, munganga wa misioni akalitoa. Nilificha juu nani angempa binti? Aliweka chai chini. Kisha akasema: «Mama, miaka makumi tatu ninapiga kuku mawe bure!» Akacheka, halafu akalia.

Anakuja Bukavu, lakini si kuwachukua. Anataka munganga amuangalie hata yeye jicho linalobaki. Mubaki.

Nisamehe.
Koko wa watoto


Kasongo, tarehe 30 Juni

Mama,

Uko muzima? Sisi tumefika nyumbani, tutarudi Bukavu kila mara munganga atakapotuita.

Walikuta uvimbe mudogo mu jicho la kuume la Darlène, mudogo kuliko punje ya muchele. Waliuchoma na mwangaza. Munganga anasema tungechelewa miezi mitatu, jicho lingeenda. Sasa anaona. Jana alinyang'anya lunettes ya macho ya padri wakati wa baraka.

Kuku uliyetuma amefika muzima, mwekundu, shingo tupu. Nimecheka peke yangu. Pitchou alitaka kumuchinja, Estelle akakataa, amemupa jina lako. Sasa hivi yuko mulangoni, anadonoa muchele karibu na miguu ya Darlène.

Fimbo nimeitia mu moto, nimepikia nayo chai.

Mutoto wako,
Mama Estelle na Darlène