Matundu Manne Kwenye Fremu ya Mlango

Jumanne. Ngara imefunikwa na ukungu tangu asubuhi, na mvua ni ile nyepesi isiyokatika. Kifua kinanibana. Daktari ameshanieleza ukweli kwa upole, kwa hiyo najua maharage yanayochipua nyuma ya nyumba watayavuna wengine.

Leo amekuja fundi wa kufunga kengele za moshi. Mwanangu Konsolata alizinunua Mwanza akazituma kwa basi: sita za moshi na moja ya joto. Wanafunzi wangu wa zamani mnaosoma ukurasa huu mtacheka. Nyumba ya mwalimu mstaafu hapa Nyamiaga ina kengele nyingi kuliko shule niliyowafundishia.

Fundi ni mwanamke, Yustina, mzaliwa wa Biharamulo. Kazi hii ameizoea kwenye nyumba za wageni za Nyakanazi. Nimempenda, maana anaeleza kila anachofanya. Moja kila chumba cha kulala, kwa sababu aliyelala hanusi moshi. Moja kwenye korido, nje ya milango ya vyumba. Moja sebuleni. Zote darini, katikati. Si kwenye kona ambako moshi huchelewa kufika, wala karibu na dirisha ambako upepo huupeperusha. Jikoni hafungi ya moshi.

"Bibi, ukikaanga vitunguu tu itapiga kelele, utaing'oa uitupe kwa kuku," amesema. "Huku tunaweka ya joto."

Ikabaki moja mkononi mwake.

Nilijua inakwenda wapi. Asubuhi Konsolata alikuwa amepiga simu. "Na chumba cha Bibi pia, Mama." Nikamwambia halali mtu humo, siku hizi ni stoo ya mahindi. Akasisitiza: "Ifungwe tu, Mama."

Ana zaidi ya miaka hamsini sasa. Bado anakiita chumba cha Bibi.

Tulipofika hapo, Yustina akapitisha kidole kwenye fremu ya mlango, upande wa nje, penye matundu manne ya skrubu. Akacheka. "Komeo nje! Mlikuwa mnafungia mbuzi humu, bibi?"

Nikajibu, "Ndiyo. Mbuzi."

Hilo ndilo limeniketisha hapa kuandika. Miaka yote hii nimenyamaza, na kunyamaza nilishakuzoea. Lakini leo nimefungua kinywa na kumwita mama mkwe wangu mbuzi.

Aliyelala humo alikuwa mama mzazi wa marehemu mume wangu. Uzeeni akili yake ilirudi nyuma. Akawa anatoka kwenda Burundi kumtafuta dada yake, aliyekwisha kufa zamani. Mara mbili watu walimrudisha kutoka barabarani, pekupeku, na mara ya pili mwalimu mwenzangu akaniuliza mbele ya wengine kama nyumbani kwangu hatumlishi. Niliona aibu. Jumamosi iliyofuata nilinunua komeo nikalifunga mwenyewe kwa bisibisi, upande wa nje. Mume wangu alikuwa kazini mbali, hakuwahi kuliona.

Siku yenyewe ilikuwa kama leo, ukungu na baridi. Bibi alikuwa akitetemeka. Nilimwagiza Konsolata, akiwa na miaka tisa, aingize jiko la mkaa chumbani. Aliliweka pale nilipomwonyesha, kando ya godoro. Nikafunga dirisha. Mtoto akatangulia shuleni. Nikasukuma komeo.

Saa nne, nikiwa nafundisha, niliona kwa dirisha la darasa moshi juu ya bati letu, ng'ambo ya bonde. Huku kwetu moshi juu ya bati ni habari njema, maana yake kuna kitu jikoni. Lakini nyumbani hakukuwa na mtu wa kupika, na hilo nililijua.

Nikamaliza kipindi.

Moto ulikuwa mdogo, godoro na blanketi tu. Kuta zilibaki, mlango ulibaki. Moshi ndio uliommaliza. Nilimkuta sakafuni, nyuma ya mlango. Kabla sijapiga yowe nilileta bisibisi, nikang'oa komeo, nikalitupa chooni. Ndipo nikaita watu.

Msibani, shangazi wa mume wangu aliuliza, "Nani aliweka jiko karibu na godoro?"

Konsolata akanyoosha mkono. Aliunyoosha kama darasani, kiwiko kimekaza, jinsi nilivyomfundisha. "Mimi."

Nilitazama mkeka.

Hakuna aliyempiga. Walisema ni mtoto, Mungu amsamehe. Tangu hapo hajawahi kuwasha mkaa, na kila nyumba anayohamia hufunga kengele hizi kabla ya mapazia. Nami nimekuwa nikimsifu kwenye simu kwamba ni mwangalifu.

Kabla ya kuondoka, Yustina alinionyesha kitufe cha kujaribia, nikibonyeze kila mwezi. Kwa sababu mkono wangu haufiki darini, amenikatia kijiti. Nikabonyeza cha chumba cha Bibi. Sauti ile niliisikia hadi kwenye meno. "Hiyo hata ng'ambo ya bonde wataisikia," akasema kwa furaha. Akaahidi kurudi kesho na puti, azibe yale matundu manne, apake rangi, pasionekane kitu. Hata nikamshukuru.

Kesho nitamzuia.

Konsolata, kwa simu nimejaribu mara nyingi, nikaishia kukusifu. Wewe ndiye uliyenifungulia ukurasa huu, na najua huusoma kabla ya wengine. Si wewe, mwanangu. Ulifanya ulichoagizwa. Panda basi uje wakati bado nina pumzi, uweke kidole chako katika kila tundu.

Bisibisi niliishika mimi, mara mbili.