Hilo Ndilo Analolingoja Karmen

Mdogo wangu Somoe,

Marahaba, maana najua shikamoo umeshaitoa kabla hujamaliza kufungua bahasha. Mgongo vipi? Umeacha kubeba madumu mawili mawili? Huku Hispania mimi mzima, ila goti walilipasua, sasa limeshonwa kama gunia la korosho. Anayeandika ni Halima. Nimemwapisha aandike kama ninavyosema, hata penye aibu yake.

Sikiliza. Nilipopasuliwa, daktari alikuja kitandani akasema nitarudi kwetu Marambo kwa miguu yangu. Karmen, mama wa mkwe wangu Rafaeli, alikuwa kaniletea supu. Akadakia kwa Kihispania chao. Kwetu humu neno linapita mikono: Rafaeli analigeuza Kiingereza, Halima analigeuza Kiswahili, linanifikia limeshapoa. Halima akaniambia, "Mama, anasema hilo ndilo analolingoja."

Analingoja! Nirudi kwetu! Mwanangu ana mimba ya miezi minane, nimevuka mawingu nije nimlee uzazi, kumbe mwenye mji anahesabu siku niondoke? Supu sikuigusa. Siku ya tatu nikasema, "Halima, lete begi langu. Na mwambie huyo mama, mtu mzima hafukuzwi kwa mafumbo. Aseme."

Neno likarudi kwa njia ile ile. Karmen akaketi kitandani, machozi yanamtoka, mdomo unakwenda kama cherehani. Rafaeli akajipiga kofi kwenye paji la uso. Kumbe wana neno moja, "esperar", ndilo kungoja, ndilo kutumaini. Kiingereza kimeyatenga mawili, naye akachota lisilo lenyewe. Mama wa watu alisema anatumaini nitatembea!

Nikamgeukia Halima. "Na wewe ulishindwa kuuliza?"

"Mama, uso wako ulishakunjika. Nani angeuliza?"

Supu ya siku hiyo nikainywa yote. Haina chumvi. Nilipokunja mdomo, Karmen akainuka kufuata chumvi. Hilo halikuhitaji kugeuzwa. Begi nimelirudisha uvunguni. Mtoto akija, tutapokezana kumwogesha.

Basi korosho okoteni bila mimi. Kinu changu usikiazimishe. Msalimie kaka yetu fundi baiskeli, na wifi yetu muuza vitumbua wa Ruangwa. Huyo wifi mwambie nimepona, asitangaze msiba. Nawe ukijibu, usiandike tu kwamba unaningoja. Andika unatumaini nini, nikisome mwenyewe kwa sauti ya Halima.

Dada yako, mwenye goti jipya,
Mama Halima