Bosi Kaongeza Sampuli

Shoga, nimekaa kwenye ngazi za kazini, nina hasira.

Unaikumbuka mashine mpya ya kutenganisha kemikali, ile niliyosema itanipatia mkataba wa kudumu? Leo mama mmoja mwenye kiwanda cha manukato kaja kuijaribu.

Nilimwambia bosi. Nikarudia. Mrija wake ni mwembamba kama unywele, na utando uliopakwa ndani ni mwembamba zaidi. Ndiyo maana majibu yanatoka haraka. Lakini utando huo ukipewa sampuli nyingi unazidiwa, kila kitu kinatoka kimevurugana.

Akanijibu mbele ya mgeni, "Acha woga. Ongeza, mama aone vizuri." Akanipokonya sindano ya sampuli, akaidunga kwenye mashine mwenyewe.

Basi kwenye skrini, badala ya vilele vilivyochongoka, kimoja kwa kila kemikali, ukatokea mlima mmoja umelala ubavu. Mmoja, shoga.

Yule mama akautazama, akauliza kwa upole, "Kwa hiyo manukato yangu yana kitu kimoja tu? Mbona pua yangu inanusa zaidi?"

Bosi akanigeukia, "Kwa nini hukuniambia?"

Hukuniambia. Mimi.

Nikamkimbilia mama hadi kwenye gari, nikamwomba nafasi nyingine. Kanipa kichupa cha manukato yake. "Pima tena, mwanangu, kidogo kidogo. Naondoka na ndege ya asubuhi, nipigie kabla."

Nimepanda ngazi mbio. Maabara imefungwa. Bosi kaenda nyumbani na ufunguo, na simu yangu hapokei.