Biskuti za Trei ya Pili

Wanangu,

Biskuti zimo kwenye kopo la bluu. Ni unga wa mtama, dengu na muhogo, zinavunjika upesi, basi msizirushiane. ~~Na za kwenye trei mnaweza kula.~~ Za kwenye trei msiziguse mpaka baba yenu azione.

Asubuhi nilitia trei ya kwanza kwenye oveni, ya pili nikaiacha mezani nikaenda kuoga. Kurudi, kila biskuti ya trei ya pili imebonyezwa katikati kwa kidole gumba. Nikawafokea mkiwa bado mmelala. Nisameheni. Baadaye nilizitazama vizuri: kila alama ina mstari wa kovu uliokatiza.

Mnakijua kidole hicho. Bibi yenu alizibonyeza hivyo ili ziive mpaka ndani, nami tangu tumzike nimekuwa nikisahau. Za kwenye kopo ni mbichi katikati, kama kawaida yangu. Za trei ya pili nimezioka hivyo hivyo, nikaonja moja: imeiva.

Unga uliobaki nimeufunika kwenye bakuli. Mkisikia mtu jikoni, msiulize ni nani. Semeni shikamoo, mkae kimya.

Mama yenu