Delko ilipopiga, nilimkimbia mume wangu

Ni Jumamosi, mvua imekatika, na milima ya Masisi imekuwa kijani hadi macho yanachoka. Mimi ni mke wa Kambale, wiki ya tano sasa. Ningeweza kuandika sentensi hiyo tu, ukurasa mzima, nikaridhika.

Lakini leo nina jambo la kuungama.

Kambale ana jeep ya petroli, nzee kuliko sisi wawili, anayoitegemea kupeleka maharage na jibini kwenye soko la Mubi. Juzi aliitoa delko, kile kifaa kinachogawia kila buji, yaani plagi, moto wake, akaisafisha. Leo alikuwa anairudisha, na msaidizi wake nilikuwa mimi. Napenda mikono yake ikiwa na grisi. Napenda anavyosema na motere, injini yake, polepole, kama anakamua ng'ombe mwenye woga.

Alinifundisha. Pistoni ya silinda ya kwanza hupanda mara mbili: mara moja ikibana hewa, tayari kwa moto, mara nyingine ikitoa moshi tu. Alama kwenye puli ni ileile mara zote mbili, kwa hiyo kuitazama hakutoshi. Ndiyo maana alitoa buji, akaniambia nizibe tundu kwa kidole gumba. Upepo ukikisukuma kidole, hapo ndipo delko inaingizwa, ikiwa imerudishwa nyuma jino moja, maana meno yake huizungusha inaposhuka.

Akazungusha motere kwa manivela, ule mkono wa chuma wa mbele, mpaka alama ikafika.

"Sheri, mpenzi, upepo iko?"

Nilikuwa namtazama shingo. Nikasema iko.

Haukuwepo.

Alipomaliza kufunga akaketi kwenye usukani, mimi nikaenda kuanua nguo. Akawasha, na delko ikatoa moto wakati usio wake. Motere ikapiga. Mlio mmoja, mkavu kama wa risasi, ule tunaoujua sote hapa.

Sikumbuki kuamua chochote. Nilijitambua nikiwa nimevuka mashamba mawili ya maharage, miguu mitupu, beseni la zawadi ya arusi mkononi. Nilikuwa nakimbia vizuri, kama mtu anayejua aendako. Na tangu mlio ule hadi pale, sikuwa nimemwaza Kambale hata mara moja.

Hata mara moja.

Nikarudi. Watu walikuwa wamesimama nje, wengine na watoto tayari mgongoni, wakicheka kile kicheko cha kutetemeka. Mama Riziki, jirani yetu anayeuza maziwa, alinipokea njiani.

"Bibi-arusi, beseni uliokoa, bwana ukamuacha ku motere."

Wakacheka tena. Nami nikacheka nao.

Kambale alikuwa ameshagundua kwamba delko imekaa kinyume, na alikuwa anajilaumu. Nikamwambia ukweli wa kidole na shingo. Alicheka mpaka akaegemea boneti. Tukaanza upya, na safari hii upepo ulikirusha kidole changu kweli. Motere ikawaka. Akalegeza bolti, akaizungusha delko kidogo kidogo huku ameinamisha sikio, mpaka sauti ikatulia. Akakaza.

Kisha akazima, akaniuliza taratibu nilikuwa nakimbilia wapi.

Nikamweleza. Tulipokuwa watoto kule Nyabiondo, Papa alituonyesha mahali pa kujificha, akatuambia: "Mukisikia mulio, muntu asimutafute mwenzake. Tutahesabiana pale." Tulikimbilia pale mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, naye alituhesabu kwa kutugusa vichwa mmoja mmoja. Sasa Papa ni marehemu, Mama yuko Goma, ndugu zangu wametawanyika. Leo miguu yangu ilishika njia ya Nyabiondo, kwenda mahali ambapo hakuna aliyebaki wa kunihesabu.

Kambale alifunga boneti polepole. Halafu akasema kwao pia walikuwa na mahali pao, upande mwingine kabisa, na kama mlio ungekuwa wa kweli naye angeenda huko.

Yeye huko, mimi huku. Tungetafutana miezi mingapi?

Kabla ya arusi tulizungumza kila kitu: ng'ombe, vitenge, kwaya, hata rangi ya maua. Hilo hakuna aliyelitaja, wala wazazi, wala padri.

"Sasa siye," akasema, akipangusa mikono, "tutahesabiana wapi?"

Tulitoka kwa miguu jua likiwa bado juu, tukapita vijia, tukakataa pa kwanza na pa pili. Pa tatu tulikubaliana bila kusema neno. Sitapaandika hapa. Wanaopajua ni wawili tu, na nimeolewa leo zaidi kuliko nilivyoolewa kanisani.

Kesho baada ya misa nitapaendea tena, peke yangu, na kesho kutwa, na siku itakayofuata. Moyo wangu ulimjua Kambale zamani. Miguu ndiyo bado.