Doa la Kisigino

4 Februari

Kitindamimba wangu,

Salamu nyingi. Nakuandikia maana kwenye simu sisikii kitu. Mimi mzima, ukiacha magoti, ambayo tangu nistaafu kupaka rangi nyumba za watu yameamua kugoma. Ila kuna doa jeusi kisiginoni. Nilidhani ni rangi ya mafuta, nikalisugua kwa petroli mpaka jirani akaniuliza kama nataka kujichoma. Halitoki, na linatanuka. Daktari wa ngozi katika ukoo ni wewe, sema basi. Au siku hizi hutazami miguu ya wazee?

Baba yako

20 Februari

Shikamoo Baba,

Nimepokea barua yako, nami sijambo, uchovu tu. Doa linalotanuka silipendi hata kidogo. Usilisugue tena, lazima likatwe kipande kikapimwe. Tatizo ni nafasi. Nilisomea kutibu ngozi, lakini sasa hapa kliniki wagonjwa wamebakiziwa Jumatano asubuhi. Siku nyingine zote ni sindano za mikunjo na mashine ya mwanga ya kufuta madoa ya uso. Mkurugenzi anasema wagonjwa hawalipi kodi ya jengo. Nimekuwekea Jumatano ya mwisho ya Aprili. Ningekupenyeza mapema, ila nilishawapenyeza wengine akanifokea mbele ya watu. Vumilia kidogo, Baba.

Binti yako

9 Mei

Kitindamimba,

Hujambo? Mimi sijambo, tena sana. Kaka yako alipigiwa simu kwamba Jumatano yangu imefutwa, mnafundishwa mashine mpya. Nikasema, ya nini kuhangaika, na tawi lenu limefunguliwa hapa mjini kwetu? Picha yako iko pale mlangoni, kubwa kuliko mlango wenyewe. Nikajipeleka. Nimekuta mabinti wamepakwa udongo usoni, na mimi mzee katikati yao. Dada wa mashine akaniuliza nataka kufutwa nini, nikavua kiatu. Walicheka, nami nikacheka. Haikuchukua muda, limekwisha. Kisigino kimetakata kama cha mtoto mchanga. Sikusema mimi ni baba wa nani, nisije nikaonekana natafuta upendeleo. Wasifu, wanajua kazi.

Baba yako

12 Mei

Shikamoo Baba,

Leo sina salamu ndefu. Kabla ya kuchoma, walikata kipande wakakitia kwenye kichupa? Kuna daktari aliyekutazama? Mwanga ule hufuta rangi tu. Ugonjwa kama upo unabaki chini, na anayekuja baadaye haoni kitu. Nenda hospitali kubwa kesho. Baba, naogopa.

Binti yako

21 Mei

Kitindamimba,

Pole na hofu. Hawakukata chochote, mimi mwenyewe niliona ni nafuu. Hospitali kubwa nimekwenda. Daktari amepapasa kisigino, ameuliza doa liko wapi. Nikamwambia mmelifuta ninyi. Amesema nirudi likitokea tena. Usihangaike kuomba ruhusa, nakula na ninalala.

Baba yako

3 Novemba

Shikamoo Baba,

Unaendeleaje? Barua zangu zote tangu Juni hujajibu, na kaka anasema unachechemea. Nilimwomba Mkurugenzi lisichomwe doa lolote kabla ya kupimwa. Akasema ninawatisha wateja, kisha akafuta na Jumatano yenyewe. Nimeacha kazi. Nakuja mwisho wa mwezi na dawa, tutaanza upya, nitakutibu kwa mkono wangu. Nijibu, tafadhali.

Binti yako

18 Novemba

Mwanangu,

Salamu. Ya hali usiulize. Uvimbe ulitokea kinenani, sasa ni mkubwa kama yai. Wameupima, ni saratani iliyotoka kwenye lile doa, na picha ya kifua imeonyesha imeshafika kwenye mapafu. Nilimuuliza daktari ana dawa gani, akaniandikia ya maumivu tu.

Nilinyamaza kwa sababu nakujua, ungejilaumu. Na kwa sababu nina hasira. Nikisema nimekusamehe nitakuwa nakudanganya, na sijawahi kukudanganya. Nilikwambia linatanuka, ukaniambia nivumilie. Ukamwogopa mtu wa kukufokea.

Hata hivyo njoo. Usingoje mwisho wa mwezi. Mkoba wa dawa uache huko huko, kaka yako amechoka kuniinua na hapa hakuna wa kumpokea. Daktari nilimhitaji Februari. Sasa nahitaji mtoto.

Baba yako